Kwenda Mbudya au Bongoyo na washkaji: anza na maji na upepo, mengine yatafuata

Watu wengi wa Dar wakitaka kwenda kisiwani wanaanza na grupu la WhatsApp, wanajadili nguo, wanajadili nani analeta spika, wanapigia kura tarehe, na wakishakubaliana yote ndo mmoja anakumbuka kuuliza hivi boti zinatoka wapi. Mi naomba muanze upande wa pili kabisa, muanze na bahari, muulize siku hiyo maji yanajaa saa ngapi na upepo ukoje, alafu tarehe na saa ya kuondoka zipangwe kutokana na hapo. Nakwambia hivi kwa sababu kisiwa ni kilekile na pesa ni ileile, lakini ukienda siku ambayo maji yako vizuri unarudi umefurahi mpaka basi, na ukienda bila kuangalia unaweza ukafika ukakuta maji yamekimbia, mnakaa kwenye banda masaa mawili mnaangalia mawe na majani ya baharini, na yakianza kurudi vizuri nahodha anawaambia jamani tuondoke upepo unaamka.

Kwaiyo maji kwanza. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inafika mita 3 na zaidi, hiyo ni kama kutoka sakafuni mpaka dari ya chumba. Siku za maji mafu, ambazo mwezi unauona nusu, tofauti haifiki hata nusu ya hapo. Na kizuri ni kwamba saa zake hazibahatishwi, kwa pwani ya Dar siku za bamvua maji yanakauka sana kwenye saa nne mpaka saa tano asubuhi na yanajaa kabisa kwenye saa kumi kumi na moja jioni, siku za maji mafu ni kinyume chake, asubuhi ya saa nne maji yako juu na jioni ndo yanakuwa chini, ila chini yenyewe sio ya kutisha.

Ukishalijua hilo huhitaji kitu kingine chochote cha kitaalamu. Wavuvi na wazee wa pwani wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu tu, mwezi mosi mpaka kama mwezi tatu ni bamvua, mwezi 14 mpaka 17 bamvua tena, mwezi 7 mpaka 10 na mwezi 21 mpaka 24 hapo katikati ni maji mafu. Kama kalenda huna basi angalia mwezi angani usiku, au pakua app ya maji kujaa na kupwa, zipo nyingi na za bure, andika Dar es Salaam.

Hapa kuna kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa. Idd el-Fitr ni mosi Shawwal, maana yake kila mwaka Idd hiyo inaangukia bamvua, haiwezi kuwa tofauti, na ndo siku ambayo nusu ya mji inataka kwenda baharini asubuhi. Ukienda Idd mosi saa tatu asubuhi utakuta maji yanakimbia, boti inasimama mbali na mnatembea kwenye maji ya magoti mmebeba deli la barafu kichwani. Kama lazima muende Idd basi ondokeni mapema sana au subirini mpaka saa sita sita na nusu maji yakianza kurudi, mpate mchana mzuri. Idd el-Hajj yenyewe ni mwezi 10, hiyo haina shida, maji hayakauki sana na mchana mnaogelea vizuri tu.

Sasa kipi bora, bamvua au maji mafu? Kama kwenye kundi kuna watu hawajui kuogelea au kuna watoto, au mnataka kuzamia na miwani mkaangalie samaki, mi nasema maji mafu bila kufikiria, maji yametulia, hayavuti kwa nguvu na mara nyingi yanakuwa masafi zaidi. Bamvua ina raha yake pia, maji yakitoka unaona mchanga mrefu na vidimbwi vyenye samaki wadogo, na yakirudi mchana yanarudi mengi na ya bluu mpaka karibu na miti, ila yanakwenda kasi na anayeogelea lazima ajue hilo.

Upepo

Miezi ya kusi, ule upepo unaotoka kusini, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, na hasa Juni, Julai na Agosti, bahari inachafuka. Asubuhi inaweza kuwa shwari kabisa mkadhani mmepata bahati, alafu kwenye saa sita saba upepo unaanza, saa tisa boti inaruka. Na angalieni kalenda yetu ya mapumziko ilivyo, Sabasaba ni tarehe 7 Julai na Nanenane ni tarehe 8 Agosti, zote ziko katikati ya kusi, watu wako likizo wanataka bahari na bahari ndo iko kwenye hali mbaya. Sisemi msiende, nasema mkienda miezi hiyo saa ya kurudi iwe ya mapema, saa nane mko kwenye boti, na kama jana yake Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, zile taarifa zao mnazozionaga kwenye habari, basi ahirisheni. Hakuna kujadili. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kwenda Zanzibar, upepo mkali na bahari chafu, na ile ilikuwa meli ya abiria sio boti ya faiba ya watu kumi na mbili. Watu wengi walipoteza ndugu zao siku ile. Tarehe ya pikiniki inabadilishwa kwa meseji moja tu kwenye grupu.

Miezi mizuri kwangu mi ni mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Novemba, kusi imeisha nguvu na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaingia, na tena Februari mpaka mwanzoni mwa Machi. Mvua za vuli zinaweza kuwakuta Oktoba au Novemba lakini mara nyingi inanyesha inapita. Masika ndo sipendi, Machi mwishoni mpaka Mei, maana hata siku ambayo hainyeshi mito ya mjini inakuwa imeleta tope baharini, maji yanakuwa ya kahawia upande wa bara na ukizamia huoni kitu. Miezi hiyo mizuri pia ina jua kali kuliko unavyodhani, Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta kwaiyo mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, hata kivuli chako hukioni. Hili tutalirudia kwenye vitu vya kubeba.

Kisiwa kipi

Visiwa vya upande wa kaskazini ni vinne, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vyote ni hifadhi ya bahari tangu 1975 na sasa vinasimamiwa na kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Watu kama sisi wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo tunaenda viwili, Bongoyo na Mbudya.

Bongoyo boti zake zinatoka Slipway pale Msasani, safari ni kama nusu saa, zinaondoka kwa ratiba, unakata tiketi unapanda na watu wengine. Ni rahisi kwa kundi la watu watatu wanne ambao hawataki mambo mengi. Ila jua kwamba wakati wa kusi mnarudi mnaelekea kusini, upepo unawapiga usoni na maji ya chumvi yanawarukia njia nzima.

Mbudya unaendea Kunduchi, ni karibu zaidi, dakika 15 mpaka 20 hivi kutegemea mashine na bahari, na pale unaweza kupanda boti za hoteli za ufukweni au kukodi boti nzima kwa wavuvi na manahodha wa pale pwani. Kwa kundi la watu nane kwenda juu mi nachagua Mbudya kila mara. Ufukwe wake mkubwa uko upande wa magharibi unaangalia bara, kwaiyo mawimbi ya bahari kuu hayafiki, kuna mabanda ya makuti, kuna mibuyu, samaki wanachomwa palepale, na mkiwa mmekodi boti yenu mnaamua wenyewe saa ya kurudi, na hiyo ya kuamua wenyewe ina thamani kubwa sana kama mlivyoona hapo juu kwenye upepo. Mbudya pia wapo wale kaa wakubwa wa nazi wanaopanda miti, ila wanatoka usiku, mchana usiwatafute kwenye mashimo ukawasumbua, wamebaki wachache.

Kuna na Sinda upande wa Kigamboni, imetulia na watu ni wachache. Mkienda huko bebeni kila kitu, chakula, maji, kivuli, msitegemee kununua.

Nahodha na boti

Hapa msiwe na haraka. Nenda pwani siku moja kabla au tuma mtu anayekaa karibu akaongee na nahodha uso kwa uso, amsalimie vizuri, amwulize kwanza habari za bahari kabla ya bei. Nahodha mzuri ukimwuliza "mzee wangu, Jumamosi maji yakoje?" anakujibu bila kusita, anakwambia njooni saa mbili msije saa nne, anakwambia siku hiyo mtarudi mapema kwa sababu gani. Ukikuta anakwambia saa yoyote tu nyie njooni, tafuta mwingine.

Alafu iangalie boti yenyewe. Mashine ikoje, kuna ya akiba au hata makasia, kuna chombo cha kutolea maji, na laifujaketi ziko ngapi. Zihesabu kwa mkono wako, zifungue mikanda uone kama inafunga, maana kuna boti zina laifujaketi nyingi zimepangwa vizuri ila nusu hazina vifungo. Boti za abiria zinatakiwa kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, uliza kama imekaguliwa, sio kosa kuuliza na nahodha mwenye karatasi zake atakuonyesha kwa furaha. Na idadi ya watu inayobeba boti ni ile anayosema nahodha siku bahari imetulia, sio ile mnayotaka nyie kwa sababu binamu wa mtu fulani kaja bila kualikwa. Kama mmezidi, boti iende mara mbili au mkodi ya pili.

Kwenye bei muelewane vitu vitatu, ni bei ya boti nzima au ya kichwa, ni ya kwenda na kurudi, na mafuta yako ndani au nje. Lipa nusu asubuhi na nusu mkisharudi bara. Kiingilio cha hifadhi ni kitu cha pembeni, ni pesa ya serikali, raia analipa kidogo na mgeni kutoka nje analipa zaidi, kwaiyo kila mtu abebe kitambulisho chake na mdai risiti. Watu wananung'unikia kiingilio, mi nalipa kwa roho nyeupe kabisa, maana matumbawe ya Dar yamepitia mengi, mabomu ya wavuvi haramu kwa miaka na miaka, alafu joto la bahari la 1998 lililofanya matumbawe mengi kwenye Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa, na kilichobaki kinahitaji mtu wa kukilinda.

Mchango

Mtu mmoja awe mshika hela, mmoja tu, na mchango ufungwe siku tatu kabla. Weka kwenye hesabu boti, kiingilio, banda, chakula, maji na barafu, alafu ongeza kidogo juu ya dharura. Asiyelipa mpaka siku ya mwisho hayumo kwenye hesabu ya boti, mwambieni mapema kwa upole ili asije kununa pale pwani. Alafu mshika hela awe na keshi mkononi ya kutosha, kisiwani mitandao inashika lakini usitegemee wakala.

Muda wa kukutana uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, "saa moja na nusu asubuhi tuko pwani, saa mbili boti inaondoka", na boti iondoke kweli. Kumsubiri mtu mmoja aliyekwama Mwenge mpaka saa nne maana yake kumi wengine wamepoteza yale maji ya asubuhi, na jioni haiongezeki.

Vya kubeba

Maji ya kunywa ni ya kwanza, kisiwani hakuna kisima cha maji ya kunywa, ni kile kilichovuka na boti tu na bei yake inafuata hapo. Lita mbili mpaka tatu kwa kila mtu, sio kwa kila wawili. Barafu kwenye deli, juisi, matunda, tikiti na nanasi zinakwenda vizuri sana na chumvi ya bahari.

Kwa jua bebeni kofia yenye ukingo, losheni ya jua, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, hii naisisitiza, mtu anayezamia na miwani anakaa kifudifudi saa nzima hajui kama mgongo unaungua, na sisi weusi tunaungua pia, tena vibaya, jioni ndo unajua. Losheni paka nusu saa kabla ya kuingia kwenye maji na uirudie. Khanga mbili mbili kwa kila mtu, sio akina dada peke yao, khanga ni kitanda, ni taulo, ni kivuli, ni mahali pa kubadilishia nguo.

Miguuni yeboyebo au viatu vyovyote vya plastiki vinavyobana, sio malapa, malapa maji yanaondoka nayo. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji kabla hujapanda boti, maana simu nyingi zinaharibikia kwenye kupanda na kushuka. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu Juni 2019 kwaiyo tumia kikapu au mabegi ya kitambaa, na bebeni gunia moja tupu la takataka zenu.

Wanaochafukwa na bahari wale kitu kidogo asubuhi, mkate mkavu na chai ya tangawizi, wasije na njaa na wasije wameshiba supu. Wakae nyuma kwenye tezi ambako boti hairuki sana, waangalie mbali kule bara au kisiwani, simu waweke chini. Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kabla ya safari, kama saa moja kabla, ukishaanza kutapika haisaidii.

Mkifika

Jambo la kwanza mkishuka ni chakula, hata kabla ya picha. Nendeni kwa wachomaji, muone samaki wenyewe, macho ang'avu na mashavu mekundu, chagueni changu au tasi au kolekole, kama kuna pweza wa leo chukueni pweza, na muelewane bei ya kila samaki akiwa mbichi, na chipsi na kachumbari ziko ndani ya bei au la. Samaki wa watu kumi sio wa dakika 20, siku za wikiendi wanaweza kuchukua saa moja na nusu au mbili, kwaiyo ukiagiza saa tatu unakula saa tano na ukiagiza saa saba una njaa mpaka saa ya boti. Ndimu na pilipili beba zako kama una zako unazozipenda.

Kabla watu hawajatawanyika simameni dakika tano mkubaliane. Nani anajua kuogelea na nani hajui, na asiyejua asione aibu kusema, wengi wetu tumekulia Dar na hatujui. Kila mtu awe na mwenzake, wawili wawili, ukiingia kwenye maji mwenzako anajua. Asiyejua asipite maji ya kifuani na avae laifujaketi hata kama wengine hawajavaa. Anayekunywa pombe asiingie kwenye maji baada ya hapo, na hili msione haya kumwambia rafiki yenu, mwambieni kwa sababu mnampenda. Mmoja wenu ahifadhi namba ya nahodha, namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, na kuna mtu bara aliyeambiwa mko wapi na mnarudi saa ngapi.

Kwenye maji

Kuzamia na miwani ndo raha kubwa ya visiwa hivi na wengi wanaiacha kwa sababu hawajaonyeshwa namna. Temea mate ndani ya kioo, kisugue, kisuuze na maji ya bahari, hapo hakitaingia ukungu. Vaa miwani nywele zisiwe zimebanwa pembeni, weka bomba mdomoni, na kwanza simama kwenye maji ya kiunoni uinamishe uso tu na upumue taratibu kwa mdomo mpaka mwili ukubali, inachukua dakika chache na usimharakishe mtu. Akishatulia anaelea mwenyewe, chumvi inambeba. Alafu nendeni pole pole pembeni ya mwamba, msipige miguu kwa nguvu, kaeni mahali pamoja na samaki watawajia.

Msisimame juu ya matumbawe. Yako hai, lile kubwa la mviringo linakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwaiyo jiwe la ukubwa wa meza linaweza kuwa na umri wa bibi yako na unyayo mmoja unaua kipande chake. Ukichoka geuka chali uelee. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kile chekundu kizuri, mwangalie hukohuko chini, watu wanamtoa juu wapige naye picha na yeye anapumua kwa maji, picha tatu nne na ameshaumia. Na makombe na matumbawe makavu ya ufukweni yaacheni, ni hifadhi, kuchukua ni kosa la kisheria, na kaa wadogo wanahamia humo.

Wale wadudu weusi wenye miiba mirefu ndo wanaoharibu siku za watu wengi, wanakaa kwenye mashimo ya mwamba na kwenye majani, hasa maji yakiwa machache. Ukichomwa toa miiba inayoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa kama nusu saa, wachomaji samaki watakupa maji ya moto ukiwaomba, na kipande kikibaki karibu na kiungo nenda hospitali ukifika bara. Ukiguswa na yavuyavu, yule mnyama laini kama jeli anayewasha, suuza na maji ya bahari, sio maji ya kunywa, na usisugue na mchanga. Kwenye mchanga tembea kwa kuburuza miguu, samaki anayeitwa taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia atasikia ataondoka.

Kurudi

Saa ya kurudi ni ile mliyopanga na nahodha asubuhi, na yeye akija kuwaita mapema kuliko hapo basi mnakusanya vitu bila maswali mengi, ameona kitu huko nje. Anzeni kukusanya nusu saa kabla. Gunia la takataka linarudi na nyie bara mpaka kwenye jalala, sio kuliacha nyuma ya banda, kisiwani hakuna gari la taka, na mkiona chupa za wengine zinazoelea zitieni humohumo.

Hesabuni watu mara mbili, mara moja ufukweni na mara moja mkishakaa. Laifujaketi zivaliwe na wote, hata walioenda bila kuvaa, maana safari ya jioni ndo yenye mawimbi na watu wamechoka. Wazito wakae katikati, hakuna kusimama, na hakuna kundi zima kuhamia upande mmoja kupiga picha ya jua, nahodha akisema kaeni mkae. Mkigusa bara mlipeni nusu yake iliyobaki palepale mbele ya watu, muongezeeni kidogo kama amewaangalia vizuri, na muulizeni mwezi ujao siku gani nzuri, atawapa tarehe zenye maji ya asubuhi na hizo ndo mzipeleke kwenye grupu.